Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Umekuja kwa barabara ya Songea–Mbinga, kwa hiyo bila shaka umepishana na malori ya makaa ya mawe. Sisi tunapishana nayo kila siku tukienda kuteka maji, na usiku tukiwa bwenini tunayasikia yakibadilisha gia pale mlimani. Tangu mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipofanya wanunuzi wa mbali kuyatafuta makaa ya Ruvuma kupitia bandari ya Mtwara, yamezidi kuwa mengi. Ndiyo maana klabu yetu iliamua mwaka huu kusoma kitu kinachopita mlangoni petu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, juu ya meza hii kuna bonge moja tuliloliokota kwenye kona, baada ya lori kupita. Ukilishika linakuchafua vidole. Ukiligeuzageuza juani unaona mistari: mmoja unang'aa kama lami mbichi, unaofuata umefifia kama mkaa wa kawaida. Pembeni yake kuna kipande cha mwamba alichotuletea mzazi anayefanya kazi mgodini. Kina alama ya jani, na mshipa wake wa katikati unaonekana waziwazi. Makaa ya kusini mwa nchi yetu, Ngaka, Mchuchuma hadi Kiwira, yalianza kama mimea ya vinamasi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mimea ilizama, ikafunikwa na matope, ikakandamizwa na kupata joto la ardhini. Kadiri ilivyokandamizwa ndivyo maji yalivyotoka na kaboni ikabaki.

Hapo ndipo aina zinapotofautiana. Linaiti ni changa, ya kahawia, imejaa maji, na kaboni yake ni asilimia 25 hadi 35 tu. Wajerumani wanaichoma katika mitambo iliyo jirani na mashimo yenyewe, kwani kuisafirisha mbali ni kusafirisha maji. Inafuata sabubituminasi, kisha bituminasi yenye kaboni asilimia 45 hadi 86, inayozalisha umeme na kuchoma saruji. Ile inayofaa hugeuzwa koki, yaani makaa yaliyookwa bila hewa, ya kuyeyushia chuma. Mwisho ni anthrasaiti, ngumu, inayong'aa, kaboni asilimia 86 hadi 97. Ni shida kuiwasha, lakini ikishika moto moshi wake ni mdogo sana. Makaa yetu ya Ruvuma yako katikati, kwenye kundi la bituminasi na sabubituminasi.

Wengi wetu tulidhani kwamba makaa yasiyo na moshi hayana madhara. Mwalimu wetu wa kemia alitupeleka ubaoni. Kilo 12 za kaboni zikiungua kikamilifu hutoa kilo 44 za kaboni dayoksaidi, kwa sababu kila chembe ya kaboni huchukua oksijeni mbili kutoka hewani. Lori la tani 30 za makaa yenye kaboni asilimia 60 litatoa tani 66 za gesi hiyo, isiyoonekana na isiyonuka. Tulirudia hesabu mara tatu tukidhani tumekosea. Gesi hiyo ndiyo inayoongeza joto la dunia, na wakulima wa kahawa wa hapa Umatengo hawahitaji kuelezwa maana ya mvua kuchelewa.

Moshi nao una mambo yake. Salfa iliyomo huungua ikawa gesi inayochoma koo, na ikikutana na unyevu angani hushuka kama mvua ya asidi. Zebaki hupanda na moshi. Mwezi Desemba 1952 jiji la London lilifunikwa kwa siku tano na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Hesabu ya kwanza ilikuwa vifo 4,000, na tafiti za baadaye zilikaribia 12,000. Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi mwaka 1956, na tarehe 30 Septemba 2024 ikazima mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe.

Nasi tulifanya majaribio yetu. Tulichoma makaa ya mawe na mkaa wa miti, uzito uleule, kwenye majiko mawili. Mkaa wa miti uliacha majivu kiganja kimoja. Makaa ya mawe yalijaza nusu ya kopo la maziwa. Kisha tulitundika vitambaa viwili vyeupe kwa wiki moja ya kiangazi, kimoja kwenye uzio wa barabarani, kingine nyuma ya bweni. Vyote viwili viko hapa mezani. Cha barabarani, tafadhali usikishike, kitakuchafua shati.

Hatusemi migodi ifungwe. Wapo wenzetu hapa ambao madaftari na michango yao ya chakula inatoka huko, na tunawaheshimu wazazi hao. Lakini vumbi hilohilo linatua kwenye kahawa iliyoanikwa vichanjani na kwenye vifua vya wadogo zetu.

Kwa hiyo tunaomba, kwanza, usaidizi wako ili kila lori lifunikwe turubai kabla ya kutoka mgodini. Yapo yanayofunikwa, na tofauti tunaiona kwa macho. Pili, jiko la shule linatumia mkaa mbadala uliotengenezwa kwa makaa ya mawe, na halina bomba la kutolea moshi. Muhula uliopita mpishi wetu mmoja alishikwa na kizunguzungu akatolewa nje akiwa ameshikiliwa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na mama huyo bado anatupikia katika chumba kilekile. Tatu, mzani wa maabara, ili mwakani tupime vumbi la kitambaa kwa gramu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.