Seva izimwe na kuwashwa mbele yetu kabla hatujasaini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotusumbua sisi wa ofisi za Kusini, hasa msimu wa korosho: seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima, inayotangazwa imekufa kumbe ni nzima kabisa.

Mimi ni karani wa masjala hapa Mtwara mjini. Kazi ya seva nilibebeshwa kwa sababu meza yangu ndiyo iliyo jirani nayo, na kwa kuwa hakuna aliyeitaka, imebaki kwangu. Mashine yenyewe inatumia mfumo endeshi wa FreeBSD, wa ukoo wa Unix. Humo mna nakala za stakabadhi za ghala, hati za magari na vipimo vya unyevu wa korosho. Wenzetu wa tawi la Masasi, karibu kilomita 200 kutoka hapa, hufungua mafaili hayohayo kupitia laini ya kukodi.

Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi. Asubuhi Mtwara tukafungua mafaili kama kawaida, Masasi hawaoni kitu. Wakulima waliofika kaunta ya Masasi wakaambiwa mtandao hakuna. Tangu tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na nchi ikasota, jibu hilo halibishiwi. Mzee ametoka Chiungutwa kufuatilia stakabadhi yake, anaambiwa hivyo, anaaga na kuondoka. Lakini faili linalotoka Mtwara kwenda Masasi halipiti baharini hata kidogo.

Mtaalamu aliyetufungia seva, simtaji, alijibu kwa simu kutoka Dar es Salaam kwamba diski imechoka, tuandae bajeti ya mashine mpya. Diski gani hiyo inayochoka kwa watu wa Masasi tu?

Nilianza na ping, amri ya kuiita mashine nyingine na kungoja ijibu. Kompyuta ya jirani yangu ikajibu, rauta zote mbili, vile visanduku vinavyopitisha data kwenda mitandao ya nje, zikajibu, ile ya laini ya Masasi na ile ya intaneti. Kompyuta ya Masasi kimya. Nikafungua tcpdump kwenye seva, programu inayoonyesha kila kinachoingia na kutoka, nikamwomba binti wa Masasi anipigie ping kutoka kwake huku tukiwa kwenye simu. Hapo ndipo mambo yalipokaa wazi: ombi lake lilikuwa linaingia, na seva inalijibu papo hapo. Mstari wa ombi, mstari wa jibu, mstari wa ombi, mstari wa jibu. Yeye kwake haoni hata jibu moja. Kwa hiyo seva ilikuwa inasikia na inajibu, ila majibu yalikuwa yanapotea yakishatoka.

Amri ya traceroute -n, inayoonyesha hatua kwa hatua data inapita wapi, nikaielekeza Masasi ikamaliza ubishi. Hatua ya kwanza iliyotokea ni 10.10.0.254, yaani rauta ya intaneti, kisha nyota tupu, yaani hakuna aliyejibu tena. Nikatazama orodha ya njia ambazo seva inazijua kwa amri ya netstat -rn. Palikuwa na mtandao wetu wa hapa na njia ya jumla inayoelekea intaneti, basi. Njia ya kwenda mtandao wa Masasi, 10.20.0.0, haikuwepo. Majibu yote ya Masasi yalikuwa yanasukumwa intaneti, sawa na kumpeleka abiria wa Masasi kwenye kivuko cha Msangamkuu. Na huko hayana pa kufika, kwa sababu anwani zinazoanza na 10 zimetengwa kwa mitandao ya ndani tangu miaka ya 1990, hazisafirishwi kwenye intaneti. Sisi wa Mtwara hatukuhisi lolote kwa kuwa tuko mtandao mmoja na seva. Kutufikia sisi haihitaji rauta.

Sasa njia ya Masasi ilipotelea wapi? Mtaalamu aliiongeza kwa mkono, kwa amri ya route add, siku ile alipotufungia. Amri hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya mashine tu. Umeme ukikatika, nayo inafutika. Ya kudumu huandikwa ndani ya /etc/rc.conf, na ni mistari miwili:

static_routes="masasi"
route_masasi="-net 10.20.0.0/16 10.10.0.1"

Maana yake, data ya mtandao wa Masasi ipitie 10.10.0.1, rauta ya laini ya Masasi. Sisi tulipoiandika, tukaizima mashine makusudi na kuiwasha, Masasi wakafungua mafaili. Bajeti ya seva mpya ikafia hapo. Wenye seva za mfumo wa Linux nao wasijione wamepona, amri yao ya ip route add ina tabia hiyohiyo.

Nisieleweke vibaya, si kila ukimya wa tawi ni njia iliyofutika. Ukikuta barakoa ya mtandao, tarakimu zinazoiambia mashine mtandao wake unaishia wapi, imeandikwa 255.0.0.0, seva itadhani Masasi ni jirani wa chumba cha pili, itamwita humuhumu ndani wala haitasumbua rauta. Amri ya arp -an, inayoorodhesha mashine jirani, itakuonyesha anwani ya Masasi imekaa bila mwenyewe. Kuna na laini yenyewe kukatika, hiyo ipo, na hapo hata ombi halitafika kwenye seva. Yote haya mtu wa ofisini anaweza kuyatenganisha asubuhi moja, ilimradi awe na nenosiri na awe na karatasi inayosema njia zilipaswa kuwa zipi. Sisi karatasi hatukuwa nayo. Anwani ya rauta ya Masasi niliipata imeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya rauta yenyewe, nashukuru aliyeiandika.

Ombi langu ni kwa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, vyama vikuu, wenye maghala na halmashauri zetu za Mtwara na Lindi. Mikataba ya kufungiwa seva tunasaini mashine ikiwa inawaka, mtaalamu ana haraka ya basi. Kiongezwe kipengele kimoja: fundi azime seva mbele yetu, aiwashe, asiguse kitu, kisha tawi la mbali lifungue faili. Aache na karatasi ya anwani na njia zote. Akikataa, ajue na sisi tunakataa.

Minada ya korosho huanza Oktoba. Mwenye mkataba mezani sasa hivi, malipo ya mwisho yasubiri simu ya tawini kwamba faili limefunguka.

Karani wa masjala,
Ligula, Mtwara