Aliyenifundisha kukataa zege bovu ndiye anayeniomba nilipitishe

Shangazi, shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma hivi hivi ilivyo.

Mimi ni mhandisi wa ujenzi, nina miaka 31, naishi Dar, sijaolewa (hilo tutaongea siku nyingine). Kuna mzee mmoja ambaye hakunizaa, ila kila ninachokijua kazini kimetoka kwake. Nilipomaliza chuo niliingia kwenye ule mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, unakaa miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu kabla hujasajiliwa. Mzoefu wangu akawa yeye. Alisoma Mlimani miaka ya tisini, akazunguka mikoani akijenga barabara na madaraja, mwisho akafungua ofisi yake hapa mjini: watu sita, choo kimoja, chai ya rangi saa nne kamili. Mama alipofariki, mke wake ndiye aliyenifuata msibani akanibeba na begi langu. Nililala kwao miezi minane.

Wiki yangu ya pili kazini alinipeleka saiti ambako nguzo tatu zilikuwa zimeshamwagwa. Majibu ya kyubu ya siku 7 yalirudi mabaya. Kyubu ni yale matofali ya zege ya sentimita 15 kila upande, yanapelekwa maabara yakabanwe mpaka yavunjike, ndipo ujue zege lako lina nguvu kiasi gani. Mkandarasi akaanza hadithi. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaomba nyundo kubwa. Pigo la kwanza alipiga mwenyewe. Kokoto zikapukutika kama karanga. Akanigeukia: "Binti, zege halina undugu."

Siku hiyo hiyo, kwenye gari, akanipa somo ambalo darasani sikulipata. Kyubu uzijaze mwenyewe, uziandike tarehe mwenyewe, uzipakie mwenyewe mpaka maabara. Ukiziacha saiti usiku mmoja, asubuhi utakuta ndugu zao waliokorogwa kwa simenti ya kushiba.

Mwaka 2020 akachukua fomu ya udiwani. Ofisini tulishangilia, tukasema si wa kwanza: Mhandisi Stella Manyanya alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Rukwa, kisha akawa Mbunge wa Nyasa, kwa nini mzee wetu asiweze kata moja? Kampeni zenyewe zilikuwa kichekesho. Alipanda jukwaani na karatasi akaanza kueleza mteremko wa mtaro kwa asilimia. Mama mmoja mbele akapaza sauti: "Baba, sisi tunataka maji yatoke ndani, hesabu kawape watoto!" Watu wakafa kwa kicheko, na nadhani kicheko kile ndicho kilichompa kura. Tangu siku hiyo hakutamka tena asilimia hadharani. Futi kamba iliyokuwa haitoki mfukoni mwake sikuiona tena, siku hizi ana simu mbili. Mtaani haitwi Injinia, anaitwa Mheshimiwa, na anaitika.

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, wakafa watu karibu 30, alinipigia usiku. Hakusema mengi. "Unaona? Unaona lakini?" Nikajua mzee wangu bado yupo.

Sasa sikiliza, Shangazi. Kampuni ninayofanyia kazi ndiyo inayosimamia mtaro wa zege kwenye kata yake, na mimi ndiye niko saiti. Kipande cha mita 60 kimemwagwa kwa zege la daraja la 25, yaani kyubu yake ihimili niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Siku 7 unatarajia angalau 16 hivi, ukifika siku 28 uwe umepata 25 yako. Mimi nilipata 9.8, 10.4 na 11.1. Siku ile ya kumwaga nilikuwa nimefuata nondo upande wa pili, na niliporudi nilikuta zege limelegea kama uji wa mgonjwa, vijana wanaongeza maji kwa ndoo ili litembee lenyewe. Mchanga nao ulikuwa na udongo. Nilipiga kelele, nikasimamisha, lakini mita 60 zilikuwa zimeshalala. Hapo kosa langu nalikubali.

Nikazuia malipo ya kipande hicho. Jioni Mheshimiwa akanipigia. Hakufoka. Aliuliza habari za afya, akauliza gari langu, kisha kwa sauti ya chini: "Mwanangu, si ujaze kyubu nyingine tu?"

Nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika.

Hoja zake si za kijinga, ndiyo maana silali. Anasema masika imefika, na mwaka juzi maji yaliingia mpaka vitandani mwa watu wake. Anasema tukivunja, mkandarasi atavuta muda, Juni 30 mwaka wa fedha utafungwa, hela isiyotumika itarudi Hazina na kata itakaa na shimo. "Mtaro dhaifu unapitisha maji, mwanangu. Shimo linameza watoto." Ni kweli linameza. Lakini pembeni ya zile mita 60 kuna ukuta wa shule ya msingi, na maji yakishaanza kula chini ya zege lile, ukuta hautachukua misimu miwili. Hilo analijua kuliko mimi. Mkandarasi naye, wanavyosema mtaani, ndiye aliyetoa magari ya kampeni. Sina ushahidi, nalisema kwako tu.

Alhamisi ijayo kyubu zangu zinatimiza siku 28. Zimo kwenye tangi la maji maabara, nilizipeleka mwenyewe. Zikishindwa nitaomba zege lenyewe litobolewe na mashine lipimwe, na hapo barua rasmi itatoka na jina langu chini, na kila mtu atajua nani kamwaibisha nani. Siku nilipokula kiapo cha uhandisi, yeye na mke wake walikuwa ukumbini wananipigia vigelegele.

Naomba unishauri mambo mawili. Niende kwake kabla ya Alhamisi nimwambie uso kwa uso kwamba nitaandika, au nikimtangulia nitakuwa nampa nafasi ya kunihamisha saiti? Na mke wake, ambaye namwita Mama, je? Jumapili kaniita nikale kwao, kasema ataniwekea samaki wa nazi. Hajui lolote. Nile nikae kimya, nimweleze, au nitafute udhuru nisiende?

Binti wa Saiti,
Dar es Salaam