Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Elimu: mkalimani anahitajika usiku

Ndugu Katibu Mkuu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia

Mimi ni mwalimu wa taa na usanifu wa jukwaa katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Baadhi ya wanafunzi wangu ni viziwi, na nakuandikia kuhusu saa zao za jioni.

Mkalimani wa lugha ya alama analipwa kwa vipindi vya mchana tu. Lakini taa hazifundishiki mchana. Ukumbi wetu una madirisha mapana, na jua la Dar linapoingia huwezi kuona rangi moja ikibadilika kuwa nyingine jukwaani. Kazi yenyewe, yaani kufunga taa, kuzielekeza na kupanga mabadiliko yake, tunaianza saa kumi na mbili jioni, mkalimani akiwa ameshapanda daladala. Ninabaki na alama chache nilizojifunza kwa wanafunzi wenyewe, ambazo hazitoshi kueleza dima, yaani kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga wa taa.

Kumfundisha kiziwi gizani kuna utaratibu wake. Ukizima kila kitu ili darasa lione taa moja inavyofanya kazi, umekata mazungumzo. Lazima kibaki kimwanga juu ya mkalimani, naye asimame mbele ya pazia jeusi, uso na mikono vionekane. Mwanga unaoshuka wima kutoka darini unatia kivuli machoni, wakati katika lugha ya alama uso nao unabeba maana. Huwezi pia kueleza huku ukibonyeza vitufe: mwanafunzi atamtazama mkalimani au meza ya taa, si vyote viwili. Unaeleza, unasubiri, ndipo unabonyeza. Aliye juu ya ngazi mikono yake imeshika taa na spana, kwa hiyo yote yanakubaliwa chini kabla hajapanda, na ishara ya hatari ni kuwasha na kuzima taa za ukumbi. (Tangu tuanze hivyo hata wanaosikia wamepunguza makelele, jambo nililolipigania miaka mingi bila mafanikio.)

Na hawa vijana wanaona. Tangu utotoni wanachagua pa kukaa kwa kuangalia mwanga unatokea wapi, kwa sababu taa ikizimika na maongezi yamekwisha. Mmoja alitazama kielelezo cha jukwaa tulichojenga kwa kadibodi, kipimo cha 1 kwa 25, akaziondoa nguzo mbili nilizokuwa nimezisifu: aliyekaa pembeni asingeiona mikono ya mwigizaji. Alikuwa sahihi.

Kisha upo mtihani. Fomu ya tathmini ya vitendo inamtaka mtahiniwa avae hedifoni na kufuata maagizo ya msimamizi wa jukwaa kwa sauti. Hapo kiziwi hapati kitu, hata kama mkono wake ni mwepesi kuliko wa wenzake. Wakati huohuo kumbi nyingi duniani zinatumia taa ya ishara: nyekundu jiandae, kijani fanya. Ni kisanduku chenye taa mbili na swichi. Fundi umeme wa Kariakoo anakiunda bila kuuliza maswali mengi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa tulioridhia 2009 unazungumzia ushiriki katika utamaduni kwenye ibara ya 30. Marekani, Robert Panara, aliyepoteza usikivu akiwa mtoto, alijenga masomo ya tamthilia katika chuo cha ufundi cha viziwi cha Rochester, na ukumbi wa maonyesho wa hapo unaitwa kwa jina lake. Sisi hatuombi ukumbi.

Najua nitaambiwa kwamba wanafunzi hawa ni wachache. Ni kweli, na ndiyo maana gharama ni ndogo: mkalimani wa jioni kwa majuma ya mazoezi ya kila onyesho, basi. Naomba malipo hayo yatengewe fungu katika bajeti inayoanza Julai 1.

Kuhusu fomu ya mtihani, ombi ni kuongeza maneno "au taa ya ishara" baada ya neno hedifoni. Hilo halihitaji kusubiri Julai.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa taa na jukwaa,
Dar es Salaam