Malalamiko kuhusu simulizi yenu ya wizi wa farasi Shergar

Kwa Meneja wa Vipindi,
Kampuni ya Simulizi za Sauti,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: KUMSINGIZIA SAISI WIZI WA SHERGAR

Mimi ni msikilizaji wenu wa kulipia. Pesa zenu mnazikata kwa simu kila mwezi na siku ya kukata hamjawahi kuisahau. Nilifanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, hapa Nairobi, katika mabanda ya farasi wa mbio, hadi nikastaafu, kwa hivyo mlipotangaza simulizi ya Shergar, farasi bingwa wa mbio aliyeibwa Ayalandi mwaka 1983 asionekane tena, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuisikiliza.

Vipindi vya mwanzo sina neno navyo. Mbio za farasi za Derby, kule Epsom, Uingereza, za mwaka 1981 mlizieleza vizuri: Walter Swinburn, kijana wa miaka 19, akimwachia tu farasi aende, na Shergar akashinda kwa pengo la urefu wa farasi 10, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika Derby. Ile habari ya joki, yaani mpanda farasi, wa farasi Glint of Gold, aliyemaliza wa pili akidhani ameshinda kwa kuwa mbele yake hakuona mtu, niliirudia nikicheka peke yangu.

Ninacholalamikia ni kipindi cha mwisho. Msimuliaji wenu anatangaza kwamba kitendawili kimeteguliwa na mwizi ni mtu wa ndani, yaani saisi mkuu wa Ballymany, shamba alikofugwa Shergar. Jina lake silirudii hapa, mmeshalitangaza vya kutosha. Ushahidi wenu ni kwamba yeye ndiye aliyemtoa farasi bandani, na kwamba polisi walikaa usiku kucha bila kupewa habari.

Usiku ule wa tarehe 8 Februari 1983, kama saa mbili na nusu, watu wenye silaha waliofunika nyuso waliingia nyumbani kwa saisi huyo katika shamba la Ballymany, karibu na Curragh, kaunti ya Kildare, Ayalandi. Mkewe na watoto walikuwemo ndani, wakashikwa mateka. Akaamriwa awapeleke kwa Shergar na ampakie kwenye trela. Mlitaka afanye nini? Agome, wanawe wakiwa wameelekezewa bunduki?

Kisha mkauliza kwa kejeli kwa nini wezi "hawakumchukua wenyewe". Aliyewahi kushika hatamu hawezi kuuliza hivyo. Shergar alikuwa dume wa miaka mitano, ameshiba, msimu wa kupandisha umekaribia, usiku, kuna watu asiowajua na trela asiyoizoea. Alisifiwa kwa upole, naam, lakini dume ni dume. Akisimama kwa miguu ya nyuma na mshikaji ni mgeni, ama mtu anaumia ama farasi anavunjika mguu, na farasi aliyevunjika mguu halipiwi hata shilingi. Wezi walimhitaji mtu ambaye farasi anaijua sauti yake.

Kuhusu saa zilizopotea, hapo ndipo mlipoudhi zaidi. Saisi walimchukua kwa gari, wakamzungusha kwa saa kadhaa, wakampa neno la siri na onyo kwamba polisi wasiambiwe, kisha wakamtupa barabarani mbali na kwao. Alipopata njia alimjulisha meneja wake. Kuanzia hapo simu zilikuwa za wakubwa: meneja kwa daktari wa mifugo, daktari kwa rafiki yake aliyekuwa nahodha wa jeshi, nahodha kwa Alan Dukes, waziri wa fedha. Habari ikamfikia waziri kabla ya kuwafikia polisi, walioambiwa karibu saa kumi alfajiri. Isitoshe, wiki hiyo kulikuwa na mnada mkubwa wa farasi, trela zimejaa barabarani, na moja zaidi haikumshtua mtu. Msimuliaji wenu hayo yote ameyaruka, akamtwika mwajiriwa lawama za waajiri. Sisi wa mabandani tumeizoea tabia hiyo, ila hatujawahi kuilipia kila mwezi.

Kuna pia la mwenye farasi. Mnamwita "tajiri wa Kiarabu aliyekataa kutoa pesa kwa ubahili". Huyo alikuwa Aga Khan wa Nne, kiongozi wa kidini wa Waismailia! Utoto wake sehemu aliupitisha hapahapa Nairobi, na gazeti la Nation alilianzisha yeye. Sijui hati yenu ilisomwa na nani kabla ya kurekodiwa. Na Shergar hakuwa wake peke yake: aligawanywa katika hisa 40 za pauni 250,000 kila moja, yeye akabaki na sita. Wezi walipotaka kikombozi cha pauni milioni 2, walikuwa wakidai kutoka kwa kundi la watu lililoogopa kwamba likilipa mara moja, hakuna farasi wa thamani atakayelala salama tena. Siku chache baadaye simu zikakoma.

Kundi la IRA, la wapiganaji wa Ayalandi waliopinga utawala wa Uingereza, ndilo linaloshukiwa na wengi, na Sean O'Callaghan, aliyekuwa mwanachama akageuka mtoa habari wa siri wa polisi wa Ayalandi, aliandika kwamba farasi alichachamaa na kuuawa muda mfupi tu baada ya kuibwa. Kwa ninavyowajua madume, naona inawezekana. Lakini IRA haikukiri, hakuna aliyeshtakiwa, na mabaki hayajapatikana. Wenye hisa waliokuwa na bima ya wizi walilipwa. Waliokuwa na bima ya kifo tu waliambulia patupu, kwa kuwa kifo hakikuthibitishwa. Watu wa bima, wenye pesa zao mezani, hawakuweza kusema Shergar amekufa. Nyinyi mmemzika na kumpata muuaji katika kipindi kimoja.

Nilipiga simu huduma kwa wateja, nikajibiwa kwamba "ni burudani tu". Kama ni burudani, kwa nini tangazo lenu linasema "kisa cha kweli"?

Naomba mambo haya yafanyike: kipindi hicho kiondolewe hadi kirekodiwe upya, masahihisho juu ya saisi yasomwe mwanzoni mwa simulizi, si mwishoni ambako hakuna anayefika, na malipo yangu ya mwezi huu yarudishwe kwa nambari ileile mnayokata. Nisipopata jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi nitasitisha usajili na kupeleka malalamiko haya kwa mamlaka inayolinda haki za watumiaji. Nakala ninayo.

Wenu,

Saisi mstaafu,
Nairobi.