Mheshimiwa Waziri, ukurasa wa 31 ulikwenda wapi?

Kwa Waziri wa Hazina ya Kitaifa,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi seremala wa Kibuye, Kisumu. Karakana yetu ya akina mama hutengeneza madawati ya shule. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 imetutengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu angalau asilimia 30 ya ununuzi wa serikali, nami nikaomba tenda.

Ilikuwa bado enzi ya karatasi. Nilichapisha stakabadhi saiba, nikazijalidi, nikazipiga nambari kwa mkono, 1 hadi 64, kama sheria inavyotaka. Bahasha nikaitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la tenda la taasisi moja ya umma. Barua iliyorudi ilisema ukurasa wa 31 haumo. Huo ndio uliobeba cheti changu cha ushuru! Nakala niliyobaki nayo inao, lakini nakala haithibitishi kilichokuwa ndani ya bahasha. Sheria inampa aliyekosa tenda siku 14 kulalamika mbele ya Bodi ya Mapitio, inayosikiliza malalamiko ya tenda za umma. Ningepeleka nini huko?

Ndiyo maana naunga mkono ununuzi wa kielektroniki kwa moyo wote. Mfumo uliojengwa vyema hulipiga faili muhuri wa saa pindi linapopokelewa, hulifunga mpaka saa ya kufungua zabuni, na hulipatia alama ya kipekee ya kidijitali inayobadilika hata ikiguswa herufi moja tu. Mzabuni hubaki na risiti yake. Hapo hakuna wa kuchomoa ukurasa kimyakimya.

Ila kompyuta nayo ina funguo, na funguo hushikwa na watu. Mwaka 2015, kashfa ya fedha za NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, ilipozuka, tulisikia habari za nywila za IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali, kutumiwa na wasio wenyewe. Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Kila anayefungua faili la mzabuni, jina lake, cheo chake na saa aliyolifungua vibaki kwenye mfumo, na zabuni ikishaamuliwa mwenye faili aweze kuvisoma kwenye simu yake. Visiishie kwa mkaguzi peke yake. Ukraine, kupitia mfumo wao wa Prozorro, mnada ukishafungwa hata raia asiyeuza chochote huona nani aliomba na kwa bei gani.

Ufuatilizi huo uendelee hadi kwenye malipo. Madawati yakishakaguliwa na kupokelewa shuleni, ankara huanza safari ya meza hadi meza, nasi tunaacha randa na misumeno kwenda kuulizia iko kwa nani. Nauli hiyo hatukuiweka kwenye bei.

Nakala ya zile kurasa 64 bado ninayo. Cheti cha ushuru nimeshakipata kipya, na tenda ya madawati ikitangazwa nitaomba tena.

Wako mtiifu,
Fundi wa madawati,
Kibuye, Kisumu.