Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wote

Ndugu wanachama, salamu. Mazoezi mnayajua wenyewe, Jumamosi kuogelea Shangani, Jumapili baiskeli, katikati ya wiki mbio, sitayarudia.

Niseme la mashindano yetu ya triathloni ya Desemba, yale ya kuogelea, baiskeli na mbio mfululizo, maana maneno yamezidi, eti nilimtoa mwenzetu mashindanoni kwa roho mbaya akiwa anaongoza. Tulipanga kuanza saa 12 asubuhi, tukaanza saa 2 na nusu kusubiri waliochelewa, na jua la Mtwara la Desemba mnalijua. Yeye wiki nzima kajifua kila siku, nilimwambia apumzike hakunisikia. Mita 1,500 za maji katoka wa kwanza, kilomita 40 za kwenda na kurudi Mikindani mara mbili kakanyaga gia kubwa mwanzo mwisho, nilikuwa nyuma yake na bodaboda, chupa zake mbili zimejaa vilevile. Sasa akiba ya wanga mwilini kwa kazi kali ni kama saa moja na nusu hadi mbili, baada ya hapo kama hujala wala kunywa utakimbia kwa nguvu gani? Ukishuka kwenye baiskeli miguu kuwa mizito ni kawaida, inafunguka mbele ya safari, yake haikufunguka. Kilomita ya 8 ya mbio anayumba, nikamuuliza hapa wapi, akajibu Mikindani, na tuko Shangani! Jasho bado linamtoka, kwa hiyo kumjua aliyezidiwa na joto msiangalie jasho jamani, angalieni akili. Nikamkamata, tukamlaza kivulini tukammwagia maji ya barafu, barafu niliyonunua kwa hela yangu na sijadai.

Mnasema zilibaki kilomita 2 tu. Mwaka 2016 kule Cozumel, Meksiko, Mwingereza Jonny Brownlee alikuwa anaongoza mashindano ya triathloni, kabakiza mita mia kadhaa mwili ukagoma kwa joto, kaka yake Alistair akamkokota mpaka mwisho. Na huyo ana medali za Olimpiki. Ningerudia uamuzi uleule kesho.

Gari la wagonjwa hatukuwa nalo kwa sababu ada hamlipi. Wanachama 41, waliolipa 14, elfu 20 kila mmoja ni 280,000, boti ya uokoaji, maji na bodaboda vimekula 265,000, imebaki 15,000. Mkutano wa Oktoba tulikuja 9. Inauma sana.

Mwakani Mungu akipenda tutaanza alfajiri kweli, na tukipata mfadhili tutatafuta daktari.

Mwenzetu kapona, juzi nimemuona anaogelea peke yake Shangani. Namuomba arudi.