Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Tukienda Olympia, Tujiandikishe

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Nawasalimu nyote, mliofika ukumbini na mnaotufuatilia kwa simu kutoka Tacoma na Everett. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Habari za misiba, za darasa la Kiswahili la watoto na za sherehe ziko kwenye taarifa ya katibu, kwa hiyo sitazirudia. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo moja lililochukua nguvu nyingi za kamati mwaka huu: namna chama chetu kinavyokwenda Olympia kuzungumza na wabunge wa jimbo la Washington, na sheria inayomtaka kila anayefanya kazi hiyo kwa malipo ajiandikishe na aeleze nani anamlipa na anatumia nini.

Kwanza, kwa nini tunakwenda. Angalieni waliokaa humu ndani. Kuna madereva wa Uber na Lyft, kuna akina mama wanaolea watoto majumbani kwa leseni ya jimbo, kuna wakalimani wa hospitali. Mkate wa kila mmoja wao unapitia kwenye karatasi iliyoandikwa Olympia. Mwaka 2022 bunge lilipitisha sheria ya madereva wa programu za usafiri, na gavana wa wakati huo, Jay Inslee, akaitia saini. Iliweka kima cha chini: nje ya Seattle dola 1.17 kwa maili na senti 34 kwa dakika, na ndani ya Seattle dola 1.38 kwa maili na senti 59 kwa dakika, viwango vinavyorekebishwa kila mwaka. Iliwapa madereva likizo ya ugonjwa yenye malipo na fidia ya kuumia kazini. Senti hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Kampuni zilikuwa na watu wao kwenye korido za bunge, na madereva walikuwa na chama chao. Asiyekuwa na mtu pale alipangiwa na wengine.

Tulipopita nyumba kwa nyumba kueleza mpango wetu, wazee kadhaa waliniuliza swali lile lile: "Mwenyekiti, sasa tunakwenda kuhonga?" Swali hilo ni zito na linastahili jibu. Wengi wetu tumetoka kwenye nchi ambako faili halisogei mpaka utoe chai, na mtu aliyekwenda kumwona mkubwa akarudi na jibu zuri, majirani wanajua amelipa. Hongo ni jinai hapa kama ilivyo kwetu. Kumwomba mbunge apige kura fulani ni haki, na marekebisho ya kwanza ya katiba ya Marekani yanailinda. Lakini mwenye fedha anaweza kuajiri watu wa kuomba kila siku, asubuhi hadi usiku, hali mama wa Kent aliye na watoto sita wa kulea hawezi kuacha kazi hata siku moja. Ndiyo maana sheria inamwambia mwenye fedha: omba, ila jina lako na fedha zako viandikwe. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Harriss, ilikubali kwamba Bunge la Marekani lina haki ya kujua nani ameajiriwa, nani anatoa fedha na ni kiasi gani.

Katika jimbo letu sheria hii ni ya wananchi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, bunge lilipokuwa linasuasua, watu walikusanya saini na kuipeleka hoja kwenye kura moja kwa moja. Mmoja wa waliosukuma ni Jolene Unsoeld, mama wa Olympia ambaye hakuwa analipwa na mtu. Yeye alikuwa akikaa bungeni na kufuatilia nani anampa nani fedha. Novemba 1972 hoja namba 276 ilishinda kwa zaidi ya asilimia 70 ya kura. Ikazaliwa Tume ya Uwazi kwa Umma, ile tunayoiita PDC kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, Public Disclosure Commission, na mwaka 1974 mahakama ya juu ya jimbo ikakataa hoja za waliotaka sheria ifutwe. Mama huyo baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo, kisha mbunge wa taifa. Nawatajia habari zake kwa makusudi, kwa sababu nimesikia vijana wakisema kwamba mambo haya ni ya mawakili na watu wa suti.

Sasa sheria inataka nini? Mshawishi wa kulipwa, yaani anayelipwa ili awashawishi wabunge au maofisa wa jimbo, lazima ajiandikishe PDC kabla ya kuanza kazi, au ndani ya siku 30 tangu aajiriwe, lipi litangulie. Anataja mwajiri wake, malipo yake na mambo atakayoyashughulikia. Kisha kila mwezi anapeleka ripoti, si zaidi ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata, hata kama mwezi huo hakufanya lolote. Mwajiri naye anapeleka yake mara moja kwa mwaka, mwisho wa Februari. Na haya hayahusu miswada peke yake. Anayejaribu kugeuza kanuni za idara ya jimbo, kwa mfano kanuni za leseni za kulelea watoto, naye anahesabiwa kuwa anashawishi.

Mwezi wa pili tulikutana Tukwila tukafungua ripoti hizo kwenye ukuta wa ukumbi. Ziko wazi kwa kila mtu, huhitaji kuomba ruhusa wala kulipa. Tulichagua mshawishi mmoja wa kampuni kubwa. Mstari wa kwanza ukaonyesha mshahara wake wa mwezi, na dada mmoja aliyekaa mbele akausoma kwa sauti mara mbili maana hakuamini macho yake. Tukashuka kwenye chakula: jina la hoteli, tarehe, gharama, majina ya wabunge waliokuwa mezani. Ukumbi ulinyamaza. Watu walikuwa wanaona kwa mara ya kwanza kwamba katika nchi hii unaweza kujua mbunge wako alikula wapi na kwa fedha za nani. Waandishi wa habari walipojumlisha milo ya namna hiyo mwaka 2013, ilifika makumi ya maelfu ya dola kwa miezi michache tu, na mwaka uliofuata Bodi ya Maadili ya Bunge ikaweka kikomo: mbunge asipokee milo ya bure zaidi ya 12 kwa mwaka. Kikomo hicho kisingewekwa kama milo isingekuwa imeandikwa mahali.

Mwaka huu bunge lilikaa siku 105, kuanzia 13 Januari hadi 27 Aprili. Wanachama wetu walikwenda kwa kujitolea, wakatoa maoni mbele ya kamati, wengine kwa video kutoka nyumbani. Hatukuwa na wajibu wa kujiandikisha, nami nataka mfahamu kwa nini, ili asitokee mtu wa kuwatisha. Anayezungumza kwenye kikao cha wazi cha kamati peke yake haandikishwi. Asiyelipwa, na ambaye hatumii fedha kwa ajili ya wabunge, haandikishwi. Hata anayelipwa, kama hazidishi siku nne katika miezi mitatu na matumizi yake kwa maofisa ni madogo sana, anasamehewa. Na taarifa hii ninayowasomea haihesabiwi kuwa ushawishi, kwa sababu sheria imesema wazi kwamba chama kuzungumza na wanachama wake si kushawishi. Misamaha hiyo ni mizuri na tuilinde. Ikitokea siku mtu akapendekeza ifutwe kwa jina la uwazi, watakaonyamazishwa ni sisi, wala si kampuni zenye makarani wa kujaza fomu.

Mwezi wa tatu kamati yenu ilitembelewa na bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa anafahamiana na wabunge wengi. Alikunywa chai yetu, akasikiliza shida zetu kwa heshima, kisha akatoa bei. Tumpe kiasi kidogo sasa, na kiasi kikubwa muswada ukipita. Usipopita, hatumdai wala hatudai. Baadhi ya wajumbe waliona ni biashara ya haki. Katibu wetu akafungua simu, akatafuta sheria, akasoma mbele yake: mshawishi haruhusiwi kufanya mapatano ambayo malipo yake, hata sehemu yake, yanategemea ushindi. Sheria hiyo hiyo inamkataza mtu kusababisha muswada uletwe ili baadaye aajiriwe kuupinga. Fikirini mtu alikuwa amefanya hivyo mara ngapi mpaka ikabidi wakataze kwa maandishi! Yule bwana aliaga kwa upole na hakurudi. Sitamtaja, lakini akija kwa kikundi kingine cha ndugu zetu, Wakongo au Wasomali au Waeritrea, tuwaambie tulichosoma.

Wapo wanaosema kanuni hizi ni za kutishia wadogo tu, wakubwa hawaguswi. Nawaletea kesi moja. Mwaka 2013 wapiga kura wa jimbo hili waliulizwa kama vyakula vyenye vinasaba vilivyobadilishwa viwekwe lebo. Chama cha watengenezaji wa vyakula cha taifa, Grocery Manufacturers Association, kilimwaga dola milioni 11 kupinga, na kampuni kubwa kama PepsiCo, Nestlé na Coca-Cola zilichangia kupitia chama hicho ili majina yao yasionekane mbele ya wateja. Hoja ya lebo ilishindwa kwa kura chache. Lakini Mwanasheria Mkuu wa jimbo alikipeleka chama hicho mahakamani kwa kuficha waliotoa fedha, na mwaka 2016 kikatozwa faini ya dola milioni 18. Walikata rufaa hadi mahakama ya juu ya jimbo, na Januari 2022 majaji watano dhidi ya wanne wakaithibitisha faini. Mwanasheria huyo, Bob Ferguson, ndiye gavana wetu tangu mwaka huu. Ile ilikuwa kesi ya fedha za kampeni, lakini sheria iliyotumika ni ile ile ya wananchi wa 1972.

Pamoja na hayo, sheria ina tundu ambalo linaniuma, na naomba mnisikilize vizuri. Mwakani bunge litakaa siku 60 tu, kuanzia Jumatatu 12 Januari. Katika kikao kifupi namna hiyo, muda wa mwisho wa muswada kutoka kamati yake ya kwanza hufika Februari ikiwa bado changa. Ripoti ya washawishi ya mwezi wa Januari inatakiwa kufika si zaidi ya 15 Februari. Yaani muswada wa akina mama walezi unaweza kuuawa kwenye kamati, na sisi tukaja kusoma siku nyingi baadaye nani alilipwa kuushughulikia. Tena ripoti inataja mada au namba ya muswada, haikuambii kama aliunga mkono au alipinga. Hilo uende ukalitafute kwenye orodha za waliojiandikisha kutoa maoni mbele ya kamati. Colorado wametutangulia. Tangu mabadiliko yao ya 2019, mshawishi akichukua muswada mpya wakati bunge linakaa, ana saa 72 za kutangaza, na anataja msimamo wake. Hakuna sababu ya Washington, jimbo lililoanza mapema hivi, kubaki nyuma ya Colorado.

Kutokana na hayo, kamati inaleta maazimio mawili.

La kwanza, tumwajiri kwa muda mwakilishi mmoja kwa kikao cha 2026, na tumwandikishe PDC siku ile ile tunayotia saini mkataba, hata kama siku zake zingeangukia ndani ya msamaha wa siku nne. Najua hoja ya wanaopinga: kazi ya fomu, hofu ya faini kwa kuchelewa, lugha ya kisheria ya Kiingereza. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana katibu atashika kalenda ya tarehe 15, na risiti zote, hata ya maegesho, zitahifadhiwa kwa miaka mitano kama sheria inavyodai. Lakini chama cha wageni kinapoanza kusikika, maneno huanza: fedha zao zinatoka wapi, nani yuko nyuma yao. Nataka jibu liwe tayari mahali ambapo kila mtu anaweza kulisoma. Mweka hazina atawaeleza pia kwamba, kama chama cha hisani, sheria ya kodi inaturuhusu kushawishi kwa kiwango: tukichagua kipimo cha fedha, ni hadi asilimia 20 ya matumizi yetu ya shughuli za chama. Kumpigia debe mgombea hairuhusiwi hata kwa senti moja, na mwakilishi wetu ataandikiwa hivyo kwenye mkataba.

La pili, tuungane na vyama vingine vya wahamiaji kuomba ripoti za wakati wa kikao zitolewe mapema zaidi na zitaje msimamo, na PDC itoe maelezo ya fomu kwa Kiswahili. Watakaokwenda kutoa maoni hayo mbele ya kamati wajiandikishe kwa katibu kabla ya Krismasi.

Wanaosoma sheria wenyewe wasishtuke: kuanzia 1 Januari 2026 imehamishiwa kwenye kitabu cha 29B (Title 29B) cha sheria za jimbo, kwa hiyo namba za vifungu kwenye nakala tulizogawa mwezi wa pili zimebadilika. Nakala mpya ziko meza ya nyuma, karibu na daftari la mahudhurio. Karatasi za kura zinagawiwa sasa.

Mwenyekiti